Pembe ya Kushoto ya Askofu

Orrin aliingiza mkono kwenye tundu la msonobari mpaka begani, akautoa haraka, akaukagua kama bado una vidole vyote.

"Kuna kitu humo," alisema. "Kikiwa na meno, bosi, wewe ndiye utakayemweleza mke wangu."

"Vaa glavu," Ardis Kvamme alimwambia. "Na usikivute kwa nguvu. Kitoe vile vile kilivyolala."

Msonobari huo ulipigwa na radi zamani, ukabaki umesimama nusu, upande mmoja mweusi. Ulikuwa juu kabisa ya Mlima Sawbuck, karibu na ukingo wa genge ambalo chini yake mzee Merle Haugen aliokotwa theluji ilipoanza kuyeyuka. Ardis, mpelelezi wa polisi wa wilaya, alipanda huko na askari wake Orrin kwa kuwa mtu aliyewekwa mahabusu kwa kifo cha Merle ndiye aliyewaelekeza kwenye mti huo. Jambo hilo halikumpendeza hata kidogo. Njia anayokuonyesha mshukiwa aghalabu ni ya kukuondoa mlangoni kwake.

Orrin alitoa pembe. Ilikuwa ndefu kuliko mkono wake, yenye matawi, kahawia iliyokolea, ncha zake zimeng'aa, na kitako chake kimefungwa leso nyekundu. Ardis aliipiga picha kwanza, ndipo akaifungua leso. Pale pembe ilipokuwa imeshikamana na fuvu palikuwa na damu iliyokauka.

"Ya mwaka huu," Orrin alisema.

"Na leso?"

"Ya Merle. Nani mwingine anaivalisha pembe nguo?"

Ardis aliigeuza. Ncha ya tatu ilikuwa imejikunja kwa ndani kama ndoano. Mji mzima wa Kilde uliijua ncha hiyo, na Orrin alivua kofia bila kufikiri, kisha akaona haya, akaivaa tena.

"Askofu," alisema.

Askofu alikuwa dume la elki, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi, kubwa kuliko yote ya Sawbuck, na jina alilipata kwa mwendo wake wa taratibu na kwa jinsi asivyompisha mtu barabarani. Kila majira ya kuchipua, elki madume wanapodondosha pembe ili ziote mpya, nusu ya wanaume wa Kilde hukosa usingizi kwa ajili yake. Sheria inaufunga mlima mpaka Mei mosi ili wanyama waliochoka na baridi wasisumbuliwe, na Kilde yote inaitii sheria hiyo kwa mdomo. Kwa miguu wanapanda mapema, wanaokota, wanaficha kwenye matundu na chini ya mawe. Siku mlima unapofunguliwa wanapanda pamoja na wenzao na "kuzigundua" kwa mshangao mkubwa. Orrin naye alikuwa na tundu lake mahali fulani. Ardis hakuwahi kumuuliza, ila leo alimtazama zaidi ya kawaida.

"Usiniangalie hivyo, bosi. Ningekuwa nimeokota pembe ya Askofu, mji mzima ungeshajua. Ningekuwa nalala nayo."

"Hii ni ya kulia. Ya kushoto iko wapi?"

"Haziangukagi pamoja kila mara. Moja leo, nyingine kesho, tena mbali. Labda bado iko chini ya theluji."

"Au Merle aliificha hii, akaenda kuitafuta ya pili, akaipata." Ardis alitazama ukingo wa genge. "Na akapatwa nayo."

Orrin alielewa. Daktari alikuwa ametoa kibanzi cha pembe kwenye kisogo cha Merle, kidogo kama ukucha, kahawia upande wa nje na cheupe ndani. Merle alipigwa kwanza, kuanguka kukafuata. Habari ya kibanzi hicho haikutoka nje ya ofisi, na Ardis alikusudia ibaki hivyo.

*

Wade Lunde, mpwa wa Merle, alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, mikono ameibana kwapani. Walimkamata kwenye kiwanda cha mbao akiwa na shati la kazi tu, na hita ya mahabusu ya Kilde hufanya kelele nyingi kuliko joto.

"Mama hajaleta koti langu, afande?"

"Hajaleta."

"Kasema nini?"

"Ninayeuliza ni mimi. Jumanne kabla ya Pasaka pikapu yako ilionekana kwenye geti la mlima. Jana uliniambia ilikuwa Jumatatu."

"Nilichanganya siku."

"Jumanne ndiyo siku mjomba wako alipopanda. Jumatano ikaanguka theluji iliyofunga barabara zote. Siku kama hizo mtu hachanganyi, Wade. Anadanganya."

Wade alitazama meza. "Haya. Ilikuwa Jumanne. Nilimfuata nikamwombe radhi."

"Ya kumwambia baa nzima ikisikia kwamba utampasua kichwa."

"Aliniita mwizi mbele za watu."

"Na ulikuwa mwizi?"

"Nilichukua pembe kwenye lile tundu lake. Mbili, za mwaka jana, zilishakuwa nyeupe. Ndizo hizo mlizozikuta kwenye pikapu yangu."

"Kwa hiyo ulipanda kumwomba radhi, na yeye akarudi amekufa."

"Sikumfikia, afande. Nilikuta alama za viatu vyake vya theluji, nikazifuata kidogo. Halafu nikaona kuna alama nyingine kando yake. Nikajua yuko na mtu. Nikaona siwezi kuomba radhi mbele ya mtu mwingine, nikageuza."

"Jana hukusema kuna alama nyingine."

"Jana mngesema nimezitunga."

"Na leo niseme nini?"

Ardis aliinuka. Alama zilikuwa zimefunikwa na theluji na hakuna wa kuzithibitisha. Uongo mzuri ungefanana kabisa na maneno hayo. Ukweli pia ungefanana nayo.

Kwenye ukumbi alimpigia simu mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa na haraka kama siku zote.

"Silaha ni pembe," alisema mwendesha mashtaka, "na kijana tumemkuta na pembe."

"Zile ni nyeupe. Zimepigwa na jua mwaka mzima, panya wameshazitafuna ncha. Kibanzi ni cha kahawia. Kimetoka kwenye pembe iliyodondoka siku zile zile."

"Basi aliitupa."

"Hakuna mtu wa Kilde anayetupa pembe ya kahawia."

"Hilo ukamwambie jaji? Niletee pembe yenyewe, Ardis. Alasiri namfikisha mahakamani. Akishasomewa shtaka la kuua, dhamana asahau, na kesi yenyewe itaanza msimu ujao wa baridi."

*

Verna Lunde alifungua mlango kabla Ardis hajabisha. Alikuwa dada yake Merle na mama yake Wade, na msiba wa pande mbili ulikuwa umemkausha uso. Jikoni, koti zito la kijana lilining'inia mgongoni mwa kiti, safi, vifungo vyote vimefungwa.

"Nimelifua mara mbili," Verna alisema. "Nikifika nalo mlangoni, nalirudisha."

"Anakuulizia."

"Nikienda nitaitazama mikono yake. Nitakaa pale niitazame, na yeye ataona. Ardis, sisi tumekua pamoja, usinizungushe. Nimelea muuaji?"

"Bado sijui."

Verna aliitikia kwa kichwa, akamimina kahawa. Jibu hilo lilimtuliza kuliko pole zote alizokwisha kupewa, maana meza ilikuwa imejaa pole za watu: mabakuli ya tambi, ya maharage, ya kuku na mahindi, kila moja na kipande cha karatasi ya gundi chenye jina la mwenye bakuli. Ardis aliyasoma majina. Alikuwa na tabia hiyo mbaya hata kwenye misiba. Aliyaona majina ya majirani, ya wanakwaya, ya mke wa Orrin, kisha akafika kwenye moja lisilo na sababu ya kuwa pale, la mwenye duka la pembe.

"Royce Tollefson amekupikia?"

"Viazi na jibini. Vimeungua chini, maskini. Hata mimi nilishangaa, yeye na Merle walikuwa hawasalimiani. Nikasema basi, kifo kimewapatanisha."

"Alikaa?"

"Kidogo. Alinipa pole, akala biskuti, akaulizia pembe."

"Pembe gani?"

"Ya Askofu. Eti kama Merle ameiacha humu ndani ile ya kulia, nisimpe mtu mwingine, nimwite yeye. Nikadhani anataka kumbukumbu."

Ardis alikiweka kikombe mezani. "Alisema ya kulia? Si pembe za Askofu?"

"Ya kulia. Ya mwaka huu. Alirudia."

"Nani amekwambia kwamba Askofu ameshadondosha mwaka huu?"

"Nani aniambie? Mara ya mwisho nilimwona Jumapili ya Matawi, na wewe ulikuwepo."

Alikuwepo. Mahubiri yalikuwa yamefika kati Askofu alipoingia makaburini nyuma ya kanisa na kuanza kula maua ya marehemu, bila haraka, kaburi kwa kaburi. Pasta alijaribu kuendelea, akaona waumini wote wamehamia madirishani na matawi yao mikononi, naye akaenda. Ardis, akiwa na joho lake la kwaya, alisimama kando ya Merle. Hakuna aliyezungumza habari nyingine siku ile. Siku chache baadaye Merle akapotea, na toka hapo Kilde ilikuwa na mazungumzo mengine.

"Merle alisema nini pale dirishani?" Ardis aliuliza.

"Alisema wiki hii haiishi. Alisema tazama anavyokunja shingo, zinamwasha, zinakaribia kuachia." Verna alilishika koti, akaunyoosha mkono wa koti ambao haukuwa na kunjo. "Alifurahi kama mtoto. Royce alikosa, maskini, alikuwa Idaho kwenye mnada wa pembe."

"Alirudi lini?"

"Jumatatu usiku. Taa za duka lake ziliniamsha. Kwani Royce kafanya nini?"

"Amepika viazi," Ardis alisema, akavaa kofia yake. "Usimpigie simu mtu yeyote."

Ndani ya gari hakuwasha injini mara moja. Mtu anayetafuta pembe ya kulia peke yake, ya kushoto anayo. Mpaka hapo ilikuwa wazi. Lakini Royce angeweza kuiokota baada ya theluji kuyeyuka, kama mvunja sheria mwingine yeyote, na akanyamaza kwa kuogopa faini. Ndiyo maana swali lilikuwa ni lini aliiokota, na lilitakiwa kuulizwa kabla yeye hajajua kwamba lina uzito. Ardis alimpigia Orrin, akamtuma kwa hakimu kuomba hati ya upekuzi.

"Na wewe, bosi?"

"Mimi naenda kununua taa."

*

Duka la Royce Tollefson lilinuka vumbi la mifupa na nta. Pembe zilikuwa kila mahali: za ayala zinazodondoka katikati ya majira ya baridi, za elki zinazofuata baadaye, zimerundikwa kwa rangi na ukubwa. Nyingine zilikuwa zimeshaunganishwa kuwa taa za kuning'inia ambazo matajiri wa mijini hununua na kuzigonga kwa vichwa. Royce alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye mikono ya mpiga kinanda. Alikuwa akifuta pembe kwa kitambaa.

"Dada Ardis. Leo umekuja kununua?"

"Taa zako zinataka dari ya kanisa. Nimesikia unaitafuta pembe ya kulia ya Askofu."

Kitambaa kilisimama. "Nani kasema?"

"Mtu uliyempelekea viazi."

"Nilikwenda kumpa pole."

"Ndivyo alivyosema. Kwa hiyo ya kushoto unayo."

"Kuwa na pembe si kosa."

"Ningekamata wilaya nzima. Uliiokota wapi?"

"Shambani kwangu, kwenye rundo la nyasi kavu. Askofu hushuka kuniibia, kila mtu anajua."

"Lini?"

"Zamani. Mwanzoni mwa Machi."

"Mapema hivyo? Dume kubwa kama lile?"

"Wengine huwahi. Theluji ilikuwa bado magotini. Nilikuwa natengeneza uzio, nikaiona imesimama kwenye nyasi." Alianza kufuta tena, mwendo ule ule. "Naikumbuka siku yenyewe vizuri sana."

Hakuwa ameulizwa kama anaikumbuka vizuri. Ardis alitembea katikati ya marundo, akagusa hiki na kile.

"Mnadani Idaho hukwenda nayo?"

"Peke yake? Moja ni kuni tu, Ardis, ya kumtupia mbwa. Zikiwa mbili za dume moja, za mwaka mmoja, hapo ndipo una kitu. Hiyo moja imenitesa mno. Naiangalia usiku inanikodolea."

Maneno hayo yalimtoka haraka na yalikuwa ya kweli. Ndiyo yaliyomtia Ardis wasiwasi zaidi. Aliweka gunia juu ya meza ya kazi na kuitoa pembe aliyokuwa nayo, ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, ncha ya tatu imejikunja kama ndoano.

Royce alikiacha kitambaa kidondoke.

"Mmeitoa wapi?"

"Nitakwambia. Kwanza nataka kujua kama ni pacha wa yako. Siku hizi watu wanaghushi."

"Wanaghushi," Royce alirudia kwa uchungu, kana kwamba ametukaniwa mama, akaenda zake chumba cha nyuma.

Ardis alimsikia akihamisha masanduku. Alisogea mahali anapoweza kuuona mlango wa nyuma na mikono ya Royce kwa pamoja, akafungua kifungo cha mkoba wa bastola yake. Royce alirudi na pembe ya kushoto, imezungushiwa blanketi, akailaza kando ya mwenzake. Hapakuwa na la kubishania. Mkunjo ulikuwa mmoja, rangi moja, ndoano kwa ndoano. Uso wa Royce ulifunguka, na kwa dakika ile hakukuwa na mpelelezi chumbani wala mtu mwingine duniani.

"Ona," alisema kwa sauti ya chini. "Ona anavyofanana na nafsi yake."

"Ncha hii ya chini imevunjika."

"Madume hupigana."

"Hupigana Septemba."

"Ndiyo, Septemba."

"Ncha iliyovunjika Septemba, akazunguka nayo majira yote ya baridi akikwaruza miti na ardhi, mpaka inadondoka imeshalainika na kuwa kahawia. Wewe ndiye unayewafundisha watu hilo, hapa hapa dukani. Hii ni nyeupe, na ukingo wake unakata kidole. Imevunjika baada ya kudondoka."

"Iliniponyoka. Sakafuni hapo."

"Kipande kiko wapi?"

"Nilikifagia."

"Ungeipiga tupa kidogo tu, nisingeona kitu."

"Mimi sipigi tupa pembe." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ukiipiga tupa umeiua. Inakuwa kitu kilichotengenezwa. Bora ibaki na jeraha lake."

"Najua, Royce. Kilde nzima inajua. Njia nzima nilikuwa naomba usiwe umebadilika."

Royce alimtazama, na polepole mikono yake ikaondoka juu ya pembe.

"Jumapili ya Matawi ulikuwa Idaho," Ardis alisema. "Uliporudi ikaja theluji, halafu Merle akapotea, na nadhani hakuna aliyekumbuka kukusimulia. Askofu aliingia makaburini, nyuma ya kanisa. Alikula maua mpaka pasta akakatiza mahubiri, tukaenda sote kumtazama. Mimi nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na dirisha lako hili. Alikuwa na pembe zote mbili, na ncha ya chini ya kushoto ilikuwa nzima. Hiyo ni mwezi mzima baada ya wewe kuiokota kwenye nyasi zako."

Nje gari lilipita. Royce alingoja lipite.

"Basi nimechanganya siku," alisema. "Niliiokota juzi juzi, theluji ilipoyeyuka. Mlimani. Mlima umefungwa, Ardis, nimeogopa faini, ndiyo maana nikasema Machi. Niandikie faini yangu."

"Nilikuwa nalingoja hilo. Na lingekutosha kabisa." Alitoa mfukoni kifuko kidogo cha vielelezo. Hakukifungua. Alikilaza juu ya meza, akakisogeza kwa kidole mpaka kibanzi kilichokuwa ndani kikafika kwenye ncha iliyovunjika. Kahawia ilikutana na kahawia, na mstari wa nyeupe ukaendelea kutoka pembe hadi kibanzi bila kukatika.

Royce alikitazama kwa jicho la kazi yake. Aliona kinapokaa, na kichwa chake kikaitikia kabla yeye hajakizuia.

"Hakikutoka sakafuni," Ardis alisema. "Daktari amekitoa kisogoni mwa Merle."

Royce alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Mimi ndiye niliyeiona kwanza," alisema. "Nilimfuata Askofu kwa nyayo tangu alfajiri. Niliiona kwa darubini nikiwa upande wa pili wa bonde. Nafika, Merle ameshainama. Ananicheka. Ananiambia ya kulia atakuwa nayo siku moja, nikae nikiota. Ya kulia alikuwa nayo tayari?"

"Alikuwa ameshaificha."

"Kumbe," Royce alisema, na kwa kweli lilimuuma. "Nikamwambia basi nishike tu, nione uzito wake."

"Akakupa?"

"Akanipa. Akageuka kuangalia bondeni."

Ardis alikuwa amekaa na watu wengi katika saa kama hiyo na alijua namna ya kukaza uso, lakini hili lilimchoma. Merle alikuwa mchoyo, mbishi, mwenye mdomo. Na bado, mtu alipomwomba kuishika pembe, alimpa, kama ambavyo mtu yeyote wa Kilde angempa mwenzake, kwa sababu uzito wa pembe kama ile hauelezeki kwa maneno.

Orrin aliingia na hati ya hakimu mkononi, akaona meza, akaona uso wa Royce, akaikunja hati na kutoa pingu. Alimsomea haki zake. Royce alisimama mwenyewe na kugeuza mgongo.

"Ardis," alisema akiwa tayari amefungwa. "Msizitenganishe."

Ardis alivaa glavu, akaitia pembe ya kushoto kwenye mfuko wake, akaufunga, akaandika namba yake. Ile ya kulia ilikuwa na mfuko wake na namba yake.

"Ni vielelezo viwili," alimjibu.

Orrin alipomtoa nje, Ardis alimpigia mwendesha mashtaka na kumwambia pembe anayo na mwenye pembe anaye, kwa hiyo faili la alasiri alirudishe kabatini. Mwendesha mashtaka alianza maswali mengi. Alimkatia, akapiga namba nyingine. Simu iliita kidogo tu.

"Verna," alisema. "Si yeye. Hakumgusa Merle. Alikwenda kumwomba radhi, na alikuwa anasema kweli."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa, na pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana tangu wiki iliyopita.

"Bado yuko pale pale kituoni?" Verna aliuliza.

"Yuko pale pale. Anasikia baridi."

"Mwambie asitoke," Verna alisema. "Mwambie asitoke hivyo hivyo na shati. Nakuja na koti lake."